Lipu ya Chokaa: Namna ya Kutengeneza Kuta za Nyumba Kongwe za Mawe

Anayeishi katika nyumba ya zamani ya mawe, iwe Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, Mombasa au Bagamoyo, anaijua hali hii. Lipu inafura na kumenyuka, mchanga unamwagika sakafuni kila ukifagia, na chini ya ukuta panatoka weupe wa chumvi. Wengi humwita fundi, fundi huagiza saruji, na kesho yake ukuta umenyooka na umekuwa mgumu. Ikipita masika moja au mbili, lipu ile ngumu inaachia kwa mapande makubwa. Safari hii jiwe la nyuma nalo limelegea. Ukilikwaruza kwa ukucha linapukutika.

Kosa si la mkono wa fundi. Ni la dawa isiyolingana na ugonjwa. Nyumba hizi zilijengwa kwa chokaa na hutengenezwa kwa chokaa. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo tangu kuukagua ukuta hadi kuupaka rangi. Sehemu kubwa unaweza kuifanya mwenyewe. Ukiamua kuajiri fundi, utajua umuulize nini na umdai nini.

UUJUE UKUTA WAKO

Ukuta wa nyumba ya mawe ya pwani kwa kawaida una unene wa nusu mita au zaidi. Umejengwa kwa nyuso mbili za mawe ya matumbawe yasiyochongwa, na katikati pamejazwa vijiwe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Hauna nondo wala nguzo za zege. Uzito wake ndio unaousimamisha. Dari hubebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta, na urefu wa boriti hizo ndio uliofanya vyumba vingi viwe virefu lakini vyembamba, upana wa mita tatu hivi.

Jiwe la matumbawe lina matundu, hivyo hunywa maji: ya mvua, ya ardhini, hata ya unyevu wa hewa ya bahari. Hilo lenyewe halina madhara, maadamu ukuta unapata njia ya kukauka. Lipu ya chokaa ni laini na ina vitundu vidogo ambavyo unyevu hupitia ukatoka nje. Saruji huifunga njia hiyo. Maji yakizuiwa hupanda juu zaidi au huhamia upande wa ndani, na chumvi iliyoyeyuka humo hugeuka fuwele nyuma ya lipu. Fuwele zikikua husukuma. Zikishindwa kuipasua saruji, zinalivunja jiwe. Unyevu huohuo ukifika kwenye vichwa vya boriti, mti unaoza mahali usipoweza kupaona, na dari huanza kulegea wakati ukuta kwa nje unaonekana mzima.

Kanuni ya kazi yote ni moja: lipu iwe dhaifu kuliko jiwe. Kikitakiwa kitu cha kuharibika, iharibike lipu, kwa sababu lipu inabadilishwa na ukuta haubadilishwi.

ANZA NA MAJI

Usinunue chochote kabla hujajua maji yanaingilia wapi. Lipu mpya juu ya ukuta unaovujiwa ni pesa iliyotupwa. Ukague hivi, kutoka juu kwenda chini:

1. Paa. Angalia mabati yaliyotoboka na mahali paa linapokutana na ukuta. Kama ni paa bapa la zamani, angalia nyufa za sakafu yake na matundu ya kutolea maji yaliyoziba kwa majani au takataka.

2. Mifereji na mabomba ya mvua. Mfereji mmoja uliopasuka unaweza kuulowesha ukuta wa ghorofa mbili. Simama nje wakati mvua inanyesha. Dakika kumi za mvua zitakuonyesha zaidi ya siku nzima ya jua.

3. Vyoo, bafu na matangi ya juu. Doa lisilokauka hata kiangazi, hasa likiwa katikati ya ukuta, mara nyingi ni bomba linalovuja.

4. Mimea. Mbegu huletwa na ndege, mti ukaota kwenye ufa. Usiung'oe kwa kuuvuta, maana mizizi itatoka na mawe. Ukate, uue shina, kisha uondoe mizizi iliyokufa kidogo kidogo wakati wa kujenga upya.

5. Chini ya ukuta. Njia nyingi zimepandishwa kwa zege mwaka hadi mwaka, mpaka usawa wa nje ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Maji ya mvua hapo hayana pa kwenda ila ukutani. Ikiwezekana, acha ukanda wa kokoto usio na zege kando ya ukuta, au uelekeze maji mbali kwa mfereji mdogo.

Ukishaziba chanzo, upe ukuta muda. Ukuta wa nusu mita uliolowa hautakauka kwa wiki mbili. Unahitaji miezi, madirisha yakiwa wazi.

Kuhusu majira, wakati mzuri wa lipu ni baada ya masika kwisha, Juni hadi Agosti, jua likiwa pole. Kaskazi, Desemba hadi Februari, hukausha chokaa haraka kupita kiasi. Hata kipupwe chenyewe kina upepo wa kusi, kwa hiyo magunia ya kufunikia yawe tayari.

GONGA, SIKILIZA, ANDIKA

Chukua mwiko na kipande cha chaki. Gonga ukuta kwa mpini wa mwiko, kila baada ya upana wa kiganja. Lipu iliyoshika hutoa mlio mfupi na mzito. Iliyoachia jiwe hutoa mlio wa debe tupu. Zungushia chaki kila mahali penye mlio huo. Ukimaliza rudi nyuma hatua chache utazame: mara nyingi alama zinajipanga chini ya dirisha, kando ya bomba, au usawa wa kiuno kuzunguka chumba kizima. Mpangilio huo unathibitisha au unakanusha ulichodhani kuhusu maji.

Halafu ujue lipu uliyo nayo ni ipi. Ikwaruze kwa msumari. Ya chokaa ni nyeupe, rangi ya maziwa au ya kahawia, inakwaruzika kirahisi, na ndani yake huonekana vidonge vidogo vyeupe vya chokaa ambavyo havikuchanganyika vizuri. Ya saruji ni ya kijivu na msumari huteleza juu yake. Nyumba nyingi zina zote mbili, viraka juu ya viraka.

Nyufa zinataka uangalifu wa namna yake. Ufa mwembamba usiofika kwenye jiwe ni wa lipu tu. Ufa unaopita kwenye jiwe, unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya mlango, au unaoonekana pande zote mbili za ukuta, ni wa jengo. Chora mstari mwembamba wa penseli kuukata ufa, andika tarehe na upana wake pembeni, uutazame tena kila mwezi kupitia angalau msimu mmoja wa mvua. Ukiwa hauongezeki, uzibe. Ukiongezeka, au ukuta ukianza kutoa tumbo, au boriti zikichomoka kwenye vichwa, acha mwiko umwite mhandisi anayezijua nyumba za mawe. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Ukuta mzito wa mawe ukishaanza kusogea hauna mchezo.

RUHUSA

Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001. Kabla ya kuanza kazi, omba ruhusa. Zanzibar uliza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Lamu na Mombasa, ofisi za Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Bagamoyo na Kilwa, Idara ya Mambo ya Kale. Kama nyumba ni ya wakfu au ya urithi wenye warithi wengi, pata na idhini yao kwa maandishi. Zaidi ya ruhusa, katika ofisi hizi ndiko utakakoelekezwa kwa mafundi wanaoijua chokaa.

VIFAA

Utahitaji mwiko mkubwa na mdogo, kibao cha kubebea lipu, kibao cha mti cha kusugulia, ubao mnyoofu wa kusawazishia, timazi, pima maji, patasi nyembamba, nyundo ndogo, brashi ngumu na laini, karai, ndoo, chekeche, bomba la mkono la kupulizia maji, na magunia ya katani. Kwa usalama: glovu za mpira, miwani ya kazi, barakoa, viatu vilivyofunika mguu. Kabla ya kugusa ukuta wenye swichi au nyaya, zima umeme kwenye swichi kuu.

CHOKAA

Chokaa ya zamani ilichomwa papa hapa pwani: magogo yanapangwa duara, matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa, na yakishaiva yanazimwa kwa maji. Leo una njia tatu.

Ya kwanza ni kununua rojo la chokaa lililokwisha kuzimwa na kukaa shimoni miezi kadhaa. Hilo ndilo bora. Kadiri lilivyokaa chini ya maji, ndivyo linavyokuwa laini na linavyoshika.

Ya pili ni chokaa ya unga ya kwenye mifuko kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Usiichanganye kavu na mchanga. Mimina unga ndani ya maji, koroga, acha ukae usiku mzima au zaidi, kisha mwaga maji ya juu. Kinachobaki chini ni rojo. Wiki moja ni bora kuliko usiku mmoja.

Hapa pana mtego. Madukani huuzwa pia chokaa ya kilimo, ambayo ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa. Ni nyeupe, ni unga, na haitashika hata ukingoja mwaka. Jaribu hivi: weka kijiko cha unga kwenye kisahani, ukamulie ndimu. Chokaa nzuri ya ujenzi haitoi povu, au hutoa kidogo sana. Ukiona povu jingi, ama ni ya kilimo, ama mfuko ulikaa wazi hadi chokaa ikafa kwa hewa. Ya aina zote mbili irudishe.

Ya tatu ni kununua mawe ya chokaa yaliyotoka tanurini ukayazima mwenyewe. Nakushauri uwaachie wazoefu. Yakikutana na maji huchemka kwa kishindo na kurusha vipande vinavyounguza ngozi na kupofusha macho. Ikibidi, tumia shimo au pipa la chuma, wala usitumie ndoo ya plastiki. Tia mawe kidogo kidogo ndani ya maji mengi. Usimwage maji juu ya mawe. Watoto wakae mbali. Chokaa ya aina yoyote ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali.

MCHANGA

Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo adui unayemfukuza. Tumia mchanga wa shimo au wa mto, wenye chembe kubwa na ndogo, zenye kingo kali. Mchanga wa chembe za ukubwa mmoja hutoa lipu inayopukutika.

Upime kwa chupa. Jaza mchanga nusu, ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa kwa nguvu, weka chini hadi siku ya pili. Mchanga utatulia chini na tope litajipanga juu yake. Tope likizidi sehemu moja ya kumi, osha mchanga kabla ya kuutumia. Tope jingi ndilo chanzo cha ufa mwembamba unaosambaa ukuta mzima lipu ikikauka.

KUCHANGANYA

Kwa lipu ya kujaza na ya kwanza, pima ndoo moja ya rojo kwa ndoo tatu za mchanga. Kwa lipu ya mwisho, ndoo moja kwa mbili, mchanga ukiwa umechekechwa laini. Rojo huingia katika nafasi zilizo baina ya chembe, kwa hiyo ndoo tatu za mchanga na moja ya rojo hutoa takriban ndoo tatu za lipu, si nne. Ndoo ya lita 20 inafunika mita mbili za mraba kwa unene wa sentimita moja. Toa kidogo kwa itakayoanguka.

Mchanganyiko utaonekana mkavu mwanzoni na mkono utakushawishi uongeze maji. Usiongeze. Uponde kwa mpini wa jembe au kipande cha mti, ugeuze, uponde tena. Baada ya robo saa hivi utalainika wenyewe, kwa sababu maji yalikuwa ndani ya rojo. Zamani sakafu na mapaa ya chokaa yalipigwa kwa vigongo na kundi la watu, kwa nyimbo, hadi yakashikana barabara. Kazi ya chokaa siku zote ilikuwa ya kuponda. Lipu iliyo tayari hushika kwenye mwiko ulioinamishwa bila kudondoka.

Ukifunika vizuri kwa plastiki, mchanganyiko huu hukaa wiki kadhaa bila kuharibika, na huzidi kuwa mzuri. Ukitaka kuutumia uponde upya. Kwa mahali penye unyevu usiokwisha, mafundi huongeza unga wa matofali ya kuchoma, kiasi cha sehemu moja ya kumi, ili lipu ishike hata hewa ikiwa haba. Lipu yenye unga huo itumike siku hiyohiyo.

Saruji usitie, hata ile "kidogo tu ya kuharakisha". Kidogo hicho kinatosha kuuharibu mchanganyiko wote: hautakuwa na nguvu ya saruji wala ulaini wa chokaa.

KAZI YENYEWE

1. Bandua iliyokufa tu. Anza pembeni mwa alama ya chaki, patasi ikiwa imelala, upige kidogo kidogo. Lipu ya zamani iliyoshika iache. Saruji inayotoa mlio mtupu itoe. Iliyoshikamana na jiwe usiibomoe kwa nyundo kubwa wala mashine, maana itaondoka na uso wa jiwe. Ingoje iachie yenyewe, uitoe katika matengenezo yajayo. Kingo za kiraka zikate ziwe wima, zisiwe za kuishia wembamba.

2. Safisha. Ondoa vumbi, udongo uliolegea na mizizi kwa brashi, kutoka juu kwenda chini. Viungo vya mawe vilivyooza vichimbe hadi ufikie penye uzima.

3. Lowesha. Pulizia maji jioni ya kuamkia kazi, na tena saa moja kabla ya kuanza. Ukuta uwe na unyevu bila maji kutiririka. Jiwe kavu litanyonya maji ya lipu na kuiacha unga.

4. Jaza mashimo. Shimo kubwa lisijazwe kwa lipu peke yake. Itanywea na kupasuka. Paka lipu, gandamiza vijiwe vya matumbawe ndani yake, paka tena, mpaka ukaribie usawa wa ukuta. Acha siku kadhaa.

5. Lipu ya kwanza. Irushe kwa mwiko kwa nguvu ili iingie kwenye matundu, kisha isambaze. Unene usizidi sentimita moja. Ikianza kukaza, ikwaruze mistari ya kukatana ili ya pili ipate pa kushika.

6. Ngoja. Lipu iko tayari kupokea nyingine pale dole gumba linaposhindwa kuibonyeza lakini ukucha unaweza kuiandika. Kwa kawaida ni wiki moja au zaidi. Nyufa ndogo zikitokea siku ya kwanza, nyunyizia maji uzigandamize kwa kibao.

7. Lipu ya pili. Lowesha, paka sentimita moja nyingine, sawazisha kwa ubao. Usilazimishe timazi. Kuta hizi hazikuwa zimenyooka tangu mwanzo, na kiraka kilichonyooka katika ukuta wa mawimbi huonekana kutoka mlangoni. Fuata umbo la ukuta.

8. Lipu ya mwisho. Milimita tatu hadi tano, kwa mchanga laini. Sugua kwa kibao cha mti kwa mzunguko. Usiilainishe kwa chuma hadi ing'ae, maana unafunga vile vitundu unavyovihitaji.

9. Tunza unyevu. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na uyanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku nne au tano baada ya kila tabaka. Chokaa haishiki kwa kukauka. Inashika kwa kuvuta hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, na kurudi kuwa jiwe, na haiwezi kufanya hivyo bila unyevu. Lipu iliyokaushwa na jua siku moja inabaki unga daima.

UKUTA WENYE CHUMVI

Weupe ukitoka, usiuoshe. Maji yataurudisha ndani. Ufagie ukiwa mkavu, uukusanye kwenye gazeti ukautupe nje ya nyumba. Kwa ukuta ulioathirika sana, changanya udongo wa mfinyanzi na mchanga kwa maji yasiyo na chumvi, ukandike unene wa sentimita mbili juu ya jiwe tupu lililoloweshwa, uache mpaka ukauke na kupasuka. Chumvi huhamia kwenye udongo. Ubandue, uutupe, urudie mara ya pili au ya tatu. Hata hivyo, lipu ya mita moja ya chini huenda ukaibadilisha tena baada ya miaka michache. Hiyo ndiyo kazi yake: kuibeba chumvi ili jiwe lisiibebe.

ZIDAKA NA NAKSHI

Nyumba za zamani za Lamu na visiwa vya jirani zina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na nakshi zilizochongwa katika lipu ingali mbichi. Usipake rangi nene juu yake, na usibandue kipande kilicholegea ukitumaini kukichonga upya. Kiegemeze kwa ubao uliofungwa kitambaa, piga picha, umtafute mtaalamu. Lipo rojo jepesi linalopenyezwa nyuma ya nakshi na kuirudisha ukutani. Vipande vilivyokwisha kuanguka vihifadhi vyote, hata vidogo.

UKUTA WA FITO NA UDONGO

Nyumba nyingi za zamani za Ng'ambo ya Unguja, na za mitaa ya zamani ya miji mingine ya pwani, hazikujengwa kwa mawe. Ni za miti na fito zilizokandikwa udongo, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Hizi hutengenezwa kwa mpango uleule, ila anza kwa fito.

Bandua udongo uliolegea, uchokonoe miti kwa bisibisi. Ikizama bila upinzani, mti umeliwa na mchwa. Kata sehemu hiyo, unganisha mti mpya ubavuni, fito mpya zifungwe kwa kamba au misumari, zikiwa na nafasi ya kupitisha vidole viwili ili udongo upenye na kushikana upande wa pili. Kanda udongo wenye mfinyanzi, wa kichuguu ukipatikana, na majani makavu yaliyokatwakatwa au nyuzi za makumbi. Uache ulale siku mbili, ukande tena. Kandika kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, watu wawili wakielekeana, kila mmoja akisukuma kuelekea kwa mwenzake. Udongo utapasuka ukikauka. Hilo ni la kawaida. Jaza nyufa, ukwaruze uso, na ukishakauka kabisa uuloweshe kidogo ndipo upige chokaa, tabaka mbili nyembamba. Saruji juu ya udongo haidumu. Inasimama kama ganda la yai, na mvua ya kwanza inayopita nyuma yake inalibwaga lote.

KUPAKA

Rangi ya mafuta na rangi nyingi za plastiki huziba ukuta kama saruji. Paka chokaa. Chuja rojo kwa kitambaa, lichanganye na maji mpaka liwe jepesi la kutiririka kwenye brashi. Lowesha ukuta, paka tabaka jembamba ambalo likiwa bichi hutaliona vizuri. Litageuka jeupe likikauka. Tabaka nne au tano nyembamba, moja kwa siku, hushinda mbili nene zinazobanduka. Wako wanaotia chumvi ili chokaa ishike; kwa ukuta ambao tayari unalia chumvi, acha. Ukitaka rangi, tumia udongo wa rangi usiozidi sehemu moja ya kumi ya chokaa.

KUPATANA NA FUNDI

Kabla ya kutoa malipo ya awali, mwambie fundi akupigie kipande cha majaribio cha mita moja ya mraba, mahali pasipoonekana sana, kwa tabaka zote. Kiangalie baada ya wiki mbili: kigonge, kikwaruze, tafuta nyufa. Muulize chokaa yake imekaa majini siku ngapi na ataulowesha ukuta mara ngapi. Fundi anayeijua kazi atajibu bila kusita. Anayecheka na kusema "tutatia saruji kidogo" mshukuru umuage mapema. Na mpatane malipo kwa kazi iliyokamilika au kwa siku, ukijua kwamba siku nyingi ni za kungoja na kumwagia maji. Anayelipwa ili amalize haraka atamaliza haraka.

BAADA YA HAPO

Kila mwaka, mwezi wa Februari, kabla mawingu ya masika hayajakusanyika, panda juu usafishe mifereji, ziba matundu ya paa, kata miche iliyoota ukutani, gonga mahali ulipotengeneza, upake chokaa penye kuhitaji. Ni kazi ya siku chache kwa gharama ndogo. Nyumba zilizoanguka hazikuanguka kwa uzee. Karne mbili si umri mkubwa kwa ukuta wa mawe na chokaa. Zilianguka kwa mfereji ulioachwa, kwa saruji iliyoziba, na kwa warithi waliongojeana. Basi usingojee mtu: leo kabla ya jua kuzama chukua chaki, gonga ukuta mmoja, ujue una kazi ya kiasi gani.